Mashine Mbili, Diski Moja

Kazi yangu ni kuhakikisha kompyuta za watu wengine hazilali, na kwa mtu asiye na subira kama mimi, hiyo ni kazi ya kutafutia vidonda vya tumbo. Ofisi yetu hapa Arusha inapokea wageni wa mbugani. Mteja yuko kwao huko ng'ambo, anataka kujua kama chumba chake kipo na gari lake lipo, na akikuta mfumo umezimika hasubiri, anahamia kwa jirani. Siku moja mfumo ulizimika asubuhi nzima. Bosi akanisimamia nyuma ya kiti akipumua, na uliporudi akaniambia kwa upole, ule upole unaotisha: "Tafuta namna. Isitokee tena."

Namna ipo, na mafundi wanaijua siku nyingi. Unachukua kompyuta mbili badala ya moja, unazifunga pamoja ziwe kundi, wenyewe tunaita klasta. Moja inafanya kazi, nyingine inaangalia. Ile inayofanya kazi ikifa, inayoangalia inashika jembe palepale, na mteja wa ng'ambo hajui hata kama kuna msiba. Tatizo ni kwamba sikuwahi kutengeneza kitu hicho, na sikuwa mwendawazimu wa kujifunzia kwenye mitambo ya ofisi. Nikajifunzia nyumbani, Njiro, kwenye meza ya kulia chakula. Laptop moja, na ndani yake nikawasha kompyuta za kuigiza, mashine pepe, kila moja ina Linux yake, yaani mfumo wa kuiendesha, na inajiona ni kompyuta kamili yenye mwili wake. Laptop ilikuwa inapata moto mpaka ungeweza kukaushia soksi juu yake.

Majuma hayohayo mama alikuwa kwangu, na ndiyo maana nasimulia.

Mama ni mtu wa Nkoaranga, kwenye mteremko wa Meru, kwenye kahawa na migomba, na hajawahi kuona sababu ya binadamu kuishi pengine. Kuja kwangu hakupenda. Nilimleta kwa nguvu baada ya jirani yake kunipigia simu kwamba wametoka kanisani, mama amekaa chini katikati ya njia, hawezi kunyanyuka. Njia yenyewe ni ile ya kupandia nyumbani, ambayo ameipanda maisha yake yote na mkungu wa ndizi kichwani, huku akisengenya. Sasa alikuwa anapanda kidogo, anashika mti wa kahawa, anafumba macho. Kizunguzungu. Mikono imekuwa ya baridi. Chakula anakiangalia tu.

Mama ana presha, hilo tulilijua, na dawa alikuwa anakunywa. Baba naye alikuwa na presha. Baba alianguka shambani, akafika nyumbani amebebwa, na hakuamka. Kwa hiyo nilipomwona mama anayumba mlangoni kwangu, nilijua moja kwa moja kwamba presha imepanda na kwamba tunaelekea kulekule. Niliogopa. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Nilikuwa mtu mzima mwenye nyumba na geti, na niliogopa kubaki bila mama kama mtoto wa chekechea.

"Twende wakupime leo," nikamwambia siku ya kwanza.

"Kliniki yangu ina siku yake."

"Mama, unaanguka njiani."

"Sikuanguka, nilikaa. Na siku ya kliniki ni siku ya kliniki. Unataka nionekane nimemruka foleni mtu?"

Basi, ukibishana na mwanamke wa Kimeru kuhusu foleni unajichosha bure. Nilichoweza kufanya ni kumsimamia dawa. Nilikuwa namnunulia mwenyewe kila mwezi, tangu akiwa mlimani, duka zuri la mjini, boksi jeupe lenye mstari wa bluu. Kila asubuhi baada ya uji nilimpa kidonge na glasi ya maji, nikasimama pale mpaka ameze, nikamwambia afungue mdomo. Alifungua, bila ubishi. Kisha kila siku niliyoshinda nyumbani, kuelekea saa za mchana, alikuwa amelegea zaidi kuliko alivyoamka, na mimi nikawa nasali huku nabonyeza vitufe vya kompyuta.

Njiro haikumfurahisha. "Ukuta wote huu mnamficha nani?" aliuliza. Alizoea kukaa barazani kwake na kumwona kila apitaye, na kila apitaye amwamkie na aseme anakwenda wapi. Kwangu alikuwa anaona geti. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini mama hakusubiri kupewa. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta amechimba kijishamba cha mchicha pembeni ya ukuta, akiwa amekaa chini kwenye gunia kwa sababu hawezi kuinama na kuinuka. Nikamgombeza. Akasema ardhi ikikaa bure inanung'unika.

Sasa niseme juu ya kaka yangu, maana tuko wawili tu. Ana duka la pembejeo Kikatiti, pale kwenye barabara ya kwenda Moshi: mbegu, dawa za mimea, chakula cha kuku. Amenizidi miaka mingi, namwamkia shikamoo, na tangu tumzike baba yeye ndiye baba. Ni mtu mwema, mkimya, anayependa kufanya jambo bila kulitangaza. Na kwetu humwulizi kaka mkubwa amemfanyia nini mama. Ukimwuliza, "Kaka, umempelekea mama sukari?" umeshamwambia kwamba unadhani hajapeleka. Ni tusi lililovaa shati. Naye hawezi kuniuliza mimi, kwa sababu kuniuliza ni kukiri kwamba kazi yake inafanywa na dada mdogo. Kwa hiyo kila mmoja anafanya yake kimya kimya, na tukipigiana simu tunazungumza mvua, bei za mbolea, shule za watoto wake. Mwishoni anauliza, "Mama hajambo?" nami najibu, "Hajambo, kaka," hata kama mama amelala na mimi nimekaa namhesabia pumzi.

Matokeo yake yalikuwa ya kuchekesha, au ndivyo tulivyodhani. Krismasi iliyopita mama alipata mablanketi mawili yanayofanana kama mayai. Alijifunika yote mawili, akatokwa jasho mpaka Januari, na hakumwambia yeyote neno. Nilipoyaona kitandani nilicheka sana. Kaka naye, nilikuja kujua, aliyaona akacheka peke yake.

Turudi mezani. Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilikuwa nafungua laptop upande mmoja, mama anakaa upande wa pili na sinia la maharage anachambua. Mwanzoni hakuuliza kitu. Baadaye akasema, "Hiyo kazi yako ni ya kukasirika tu?"

"Kwa nini, mama?"

"Tangu umekaa umeshasonya mara nyingi kuliko ng'ombe anavyopiga mkia."

Nikamweleza. Nilimwambia kuna mashine mbili humu ndani, mapacha. Mmoja anafanya kazi, mwenzake anamwangalia. Wakati wote wanatumiana salamu: nipo, nipo, nipo. Salamu hizo mafundi wanaziita mapigo ya moyo. Yule mmoja akinyamaza, mwenzake anasubiri kidogo, akiona kimya kinaendelea anasema, basi, huyu amekufa, anachukua kazi.

"Halafu wewe unakaa hapo unafanya nini?"

"Namwua mmoja, nione kama mwenzake ataamka."

Mama aliacha maharage. "Unamwua kusudi?"

"Ni majaribio, mama."

"Amekukosea nini?"

Nikacheka, nikabonyeza. Wa kwanza akazimika. Tukakaa tunaangalia kioo, mimi na mama, kichwa chake kimekaribia changu, ananukia sabuni ya mche na moshi ambao hautoki kwenye kitenge hata ukifua vipi. Kimya. Kisha yule wa pili akashika anwani ya mwenzake, akafungua diski wanayotumia wote wawili, akaendelea na kazi kama vile ndiye aliyekuwepo tangu asubuhi. Nilipiga makofi. Mama naye akapiga makofi, bila kujua anashangilia nini.

"Ni mtoto mzuri huyo," akasema. "Sasa mwamshe mwenzake."

Nikamwamsha. Kuanzia hapo ikawa mchezo wetu. Nikimzima wa pili, mama ananiuliza kwa nini leo nimemwonea mdogo. Nikitoka chooni nakuta anaikodolea laptop macho, anailindia mapacha wake. Zilikuwa saa nzuri, na katikati ya uzuri huo nilikuwa namwona anavyoshika ukingo wa meza anapotaka kuinuka. Kliniki ilikuwa bado wiki mbili. Nilikuwa nimeshapanga kwamba tukitoka pale simwachi arudi mlimani tena, atakaa kwangu mpaka mwisho. Yeye alikuwa anazungumza juu ya kahawa tu, kwamba zimeiva, kwamba nani atazichuma.

Jumamosi iliyofuata nilifikia jaribio baya. Kuna ajali moja ambayo wenye klasta wanaiogopa kuliko mashine kufa. Hakuna anayekufa. Kinachokatika ni njia ya salamu kati yao. Mapacha wote wawili wazima, wote wanafanya kazi, ila hawasikiani. Wa kwanza anasema, mwenzangu amekufa, kazi ni yangu. Wa pili anasema hivyohivyo. Sasa wote wanaandika kwenye diski moja, kila mmoja akiamini yuko peke yake. Nilikuwa nimesoma kwamba kuna vifungo vya kuwekwa ili kuzuia jambo hilo. Mimi na haraka zangu nikasema nitaviweka baadaye, kwanza nione.

Nikakata njia. Wote wakashika kazi. Kwa muda mambo yalikwenda, hata nikajisikia mjanja. Halafu diski ikaanza kutoa maneno ya ajabu, mafaili yakapandiana, na mwisho ikagoma kufunguka kabisa. Kazi yangu ya majuma yote hayo ilikuwa humo, na nakala sikuwa nayo, usiniulize kwa nini. Nilipiga meza mpaka maharage yakaruka kwenye sinia.

Mama akayaokota moja moja. "Nani amekosea?"

"Hakuna aliyekosea. Ndicho kinachoniudhi. Huyu amefanya kazi yake vizuri, na huyu amefanya kazi yake vizuri. Ubaya ni kwamba wamefanya wote wawili."

"Hawakuulizana?"

"Wangeulizana vipi, mama? Kila mmoja anajua mwenzake hayupo."

"Ambaye yupo."

"Yupo, ndiyo. Mzima kabisa."

Alichambua kidogo. "Na hiyo diski," akasema, "inaona inaletewa na huyu na inaletewa na yule. Yenyewe haisemi?"

"Diski haina mdomo. Inapokea tu. Inapokea ya huyu, inapokea ya yule, mpaka inakufa."

Nilijibu hivyo bila kumtazama, nikihangaika kuifufua. Ilipita muda ndipo nikagundua sisikii maharage. Mama alikuwa ameweka mikono yake juu ya sinia, imetulia, na ananiangalia kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Alikuwa mwenye hofu. Akashika meza, akainuka taratibu, akaenda chumbani akipapasa ukuta. Nilidhani anakwenda kulala.

Alirudi na fundo la kanga. Akalifungua mezani, pembeni ya laptop. Ndani yake kulikuwa na kijiboksi cha kijani, kimekunjwakunjwa, na vidonge vya rangi ya waridi vimebaki vichache.

"Hivi ni vya kaka yako," akasema. "Ananiletea kila mwezi. Navinywa chumbani, nikishamaliza kunywa cha kwako."

Sikuelewa haraka. Nilielewa kidogo kidogo, kama mtu anayeingiwa na maji kwenye kiatu. Nikakichukua kile kijiboksi, nikakigeuza mpaka kwenye yale maandishi madogo ambayo huwa hayasomwi na mtu. Nikaenda kabatini nikachukua boksi langu jeupe. Jina kubwa la mbele lilikuwa tofauti. Rangi tofauti, kiwanda tofauti, umbo la kidonge tofauti. Jina dogo la ndani, la dawa yenyewe, lilikuwa lilelile, herufi kwa herufi, na nguvu ileile.

Presha ya mama haikuwa imepanda. Tulikuwa tunaishusha, mimi kwa huku na kaka kwa huko, kila asubuhi, kwa mapenzi.

"Mama," nikasema, na sauti haikuwa yangu, "kwa nini hukusema?"

"Nilijua mmepanga. Nyie mmesoma. Nikasema labda moja ya kichwa na moja ya moyo."

"Hukuuliza."

"Nimwulize nani? Nikimwambia kaka yako, dada yako ameshaleta, ataona amechelewa. Nikikwambia wewe, kaka yako ameshaleta, utaona ya kwako haitakiwi. Mtoto akikuletea kitu, mwanangu, unapokea."

Nilimgombeza. Nimeshasema nina hasira za haraka, na siku hiyo zilitangulia mbele ya kila kitu. Nilimwambia angekufa, nilimwambia tungemzika na kwenye msiba tungekaa mimi na kaka tukisifiana jinsi tulivyomtunza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari. Kisha hasira zikaisha zote kwa mara moja, nikakaa sakafuni nikaweka kichwa mapajani pake. Nililia. Akanishika kichwa kwa ile mikono yake ya baridi, akawa ananibembeleza kwa Kimeru, maneno ya kumwambia mtoto mchanga, mimi niliyekuwa nimemweka kwenye hatari hiyo kila siku na glasi ya maji mkononi.

Nikampigia kaka palepale, bado niko sakafuni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo kidogo tu. Kaka, nina swali, na uniwie radhi. Wewe unamnunulia mama dawa ya presha?"

Nilisikia lori linapita barabarani kwake, na baada ya lori, kuku wa mtu.

"Unaniuliza mimi?" akasema, na kwenye sauti nikasikia uzito wote wa baba.

"Nakuuliza. Kwa sababu na mimi namnunulia. Ni dawa ileile, kaka. Anakunywa zote."

Nikadhani simu imekatika, nikawa naita haloo, haloo. Kisha nikasikia pumzi zake, na nikatambua kwamba kaka yangu analia. Msibani kwa baba hakulia, alisimama kama nguzo ya umeme kutoka mwanzo mpaka mwisho. Sasa alikuwa analia dukani kwake, katikati ya mifuko ya mbegu, na mimi nalia Njiro, na mama katikati anauliza, "Anasemaje? Amekasirika?"

Alifunga duka akaja. Alifika kabla jua halijazama, hakukaa hata kwenye kiti alichopewa, akasimama mezani akiziangalia zile dawa mbili zilizolala pamoja. Alikichukua kijiboksi chake cha kijani akakigeuza, akasoma, akakirudisha taratibu. Akamwendea mama, akapiga magoti mbele yake kumwamkia, kaka yangu yule na kitambi chake, akainamisha kichwa. Mama akamwekea mkono, akamwuliza kama amekula.

Asubuhi yake tulikwenda hospitali, watatu, bila kungoja siku ya kliniki. Kwa mara ya kwanza mama hakutetea foleni. Daktari akampima, akakunja uso, akabadilisha mkono akampima tena. Tulipomweleza aliweka kalamu chini akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Alisema mama ana bahati na moyo imara. Akatuambia tuache zote mpaka atakaposema, halafu irudi moja.

"Nani anasimamia dawa za mama?" akauliza.

"Mimi," tukajibu, kaka na mimi, kwa pamoja.

Mama akacheka. Alianza na kikohozi, kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na daktari naye akashindwa kujizuia. Sisi wawili tulikaa tumeangalia sakafu.

Tulipotoka nje, mama ametangulia kukaa kivulini, kaka alisimama na funguo za gari mkononi akizizungusha. Niliona ana kitu kinamkwama. Mwishowe akasema, akiangalia upande wa mlima, "Wewe unaonaje? Nani ashike?"

Maisha yetu yote kaka alikuwa hajaniuliza naonaje. Nilitaka kusema mimi, Mungu anajua jinsi nilivyotaka. Lakini mama alikuwa anataka kahawa zake, na kutoka Kikatiti kwenda kwa mama si mbali kama kutoka Njiro. Nikasema, "Shika wewe, kaka. Ila kila asubuhi uniambie amekunywa. Usiponiambia nitakufa."

"Nitakwambia," akasema.

Mama akarudi mlimani. Mimi nikarudi kwenye mapacha wangu, nikaanza upya, safari hii na vifungo vyote. Kuna kanuni niliyokuwa nimeiruka kwa haraka: usichukue kazi ya mwenzio mpaka uhakikishe kweli ameiacha. Na kuna ya pili: wawili wasiposikiana, mmoja asiamue peke yake, kuwe na wa tatu wa kuulizwa. Nikaongeza mashine ya tatu, ndogo, kazi yake ni kushuhudia tu. Nikakata njia tena, nikiwa nimeshika roho mkononi. Mmoja akaendelea na kazi, mwingine akakaa pembeni akatulia, na diski ikabaki nzima. Baadaye tulifunga klasta ya kweli ofisini, na bosi akaacha kunipumulia kisogoni.

Kaka alitimiza neno lake. Kila asubuhi nilipokuwa napiga mswaki simu ililia na neno moja: "Amekunywa." Baada ya muda yakawa mawili, matatu. "Amekunywa, amechuma debe." "Amekunywa, anakusengenya." Siku nyingine ananipigia kabisa, tunacheka, na anaweza kuniuliza kitu kuhusu mtoto wake mkubwa, kisha anasikiliza jibu. Mama akanawiri. Jirani akasema ameanza tena kusengenya akiwa anapanda.

Halafu asubuhi moja, baada ya mvua kubwa iliyonyesha mlimani kutwa kucha, simu haikulia. Nilimaliza mswaki, nikanywa chai nusu kikombe. Nikampigia kaka, hapatikani. Nikampigia tena. Mambo yote niliyojifunza yalipotea kichwani. Nikavaa viatu, nikachukua lile boksi jeupe lililokuwa bado kabatini, nikafungua geti, nikawasha gari. Nilikuwa nimeshaingiza gia niliposhtuka na boksi mkononi. Nilijiuliza ninakwenda kufanya nini. Nikazima gari, nikampigia mama.

Simu iliita sana. Mama hupokea simu kama anayefungua mlango kwa polisi.

"Shikamoo, mama. Umekunywa dawa?"

"Marahaba. Nimekunywa. Kaka yako kaniletea mapema, yuko huku chini anainua migomba iliyolala na mvua. Simu yake imeingia maji."

"Una kizunguzungu?"

"Sina."

"Nije? Nimeshawasha gari. Nina dawa nyingine hapa, na nitapitia mkate."

Nilimjua mama yangu. Nilijua atasema njoo, mwanangu, karibu, ataweka mkate wangu juu ya mkate wa kaka, na atakula yote miwili.

"Hapana," akasema mama. "Kaka yako ameshaleta. Usije."

Akakata simu. Nilikaa ndani ya gari, geti liko wazi, boksi mapajani, nikalia kwa furaha na kwa uchungu pia, maana huwezi kukatazwa na mama yako kwa mara ya kwanza ukubwani usiumie hata kidogo. Halafu nikafunga geti, nikarudi ndani nikamalizia chai yangu.